Nguruwe kwa Nanasi la Bi Zuhura

Sisi tuliokua miaka ile baada ya vita, mafuta ya kula tuliyajua kwa harufu zaidi kuliko kwa kuyaona. Duka la kijiji chetu, huko ndani ya Kisarawe, lilikuwa na rafu ndefu za mbao zilizopigwa randa vizuri, na juu ya rafu hizo palikaa chumvi, viberiti, na mara nyingi hakuna kingine. Gari la mgawo likisikika linakuja, tulipanga mawe kwenye foleni tangu alfajiri, kila jiwe na mwenyewe, kisha tukaenda zetu kucheza. Watoto wa leo wakipanga foleni dakika tano benki wanataka kuandika malalamiko. Sisi mawe yetu yalipanga foleni siku nzima bila kunung'unika, na jioni tunaambiwa sukari imeishia kwa mtu wa mbele yetu.

Lakini nisiwadanganye kwamba tulikuwa na huzuni. Ugali wa yanga, ule unga wa njano, tuliula mpaka tukaupenda. Mihogo ilikuwepo, ya kuchemsha, ya kuchoma, ya kutafuna mibichi njiani ukitoka shule. Mananasi ndiyo usiseme. Msimu wake ukifika, kijiji kizima kilinuka nanasi, midomo yetu ilichubuka kwa kula, na bado tulikula.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Yeye na mama walitoka Mbinga, wakahamishiwa Kisarawe mimi nikiwa na miaka sita, na wadogo zangu wawili wamebebwa. Tulikuwa Wakatoliki katika kijiji ambacho karibu kila nyumba ilikuwa ya Waislamu. Jirani yetu wa karibu alikuwa Bi Zuhura, Mzaramo wa pale pale, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, ambaye shamba lake la mananasi lilianza pale ua wetu ulipoishia. Binti yake wa mwisho, Mwanahawa, alikuwa rika langu. Tulisoma darasa moja, tulichota maji pamoja, na chakula tulikula popote kilipotukuta. Njaa ikimshika kwetu, anakula kwetu. Ikinishika kwao, nakula kwao. Hakuna aliyebisha hodi, maana hapakuwa na mlango wa kubisha, palikuwa na uchochoro tu kati ya mihogo.

Watu wa Mbinga, kama mjuavyo, nguruwe kwao ni chakula cha heshima. Mama alikuwa na sufuria moja nyeusi ya kazi hiyo peke yake, iliyotundikwa nje nyuma ya nyumba, na mafiga yake huko huko. Ilishuka mara chache sana kwa mwaka, baba akipata nyama kutoka mjini. Kila iliposhuka, mama alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha hata siku moja. Kabla hajawasha moto alinituma kwa Bi Zuhura.

"Kamwambie, mama anasema leo tunapika ile yetu."

Nami nikifika nasema, "Shikamoo. Mama anasema leo tunapika ile yetu."

"Marahaba. Haya, mle salama," Bi Zuhura alijibu, kama mtu aliyeambiwa kuwa leo tunafua. Kisha alimgeukia binti yake. "Mwanahawa, leo cheza hapa hapa. Kwa wenzio utakwenda kesho."

Basi, ikaishia hapo. Hakuna aliyekasirika, hakuna aliyekunja pua.

Sasa, mwaka huo ninaousema alikuja kututembelea shangazi yetu Veronika, dada wa baba. Shangazi alikuwa mpishi huko Kibaha, kwenye nyumba za wataalamu wa Kizungu, na alikuwa na mambo ya Kizungu kidogo, kama vile kunusa kijiko kabla ya kuonja. Alipewa likizo ya wiki moja, na waajiri wake walikuwa wamechinja nguruwe, wakamfungia pande kubwa la nyama yenye mafuta. Akalipaka chumvi, akalichemsha nusu, akalitia ndoo yenye kifuniko, akapanda basi la kwenda mjini na lingine la kupandisha mlima wa Pugu hadi kwetu.

Alipofika Jumamosi mchana alikuwa anacheka peke yake. Kwenye basi la pili alikaa na mzee mmoja wa kanzu, mtu wa adabu, ambaye kila basi lilipoyumba alinyoosha mikono amshikie ndoo. Shangazi akakataa mara tatu, ndoo ameikumbatia kama mtoto.

"Mzee wa watu akaniinamia sikioni," alisimulia huku anajifuta machozi. "Akaniambia, binti yangu, kama ni sukari ya magendo mimi sisemi kwa mtu, ila na mimi nipunguzie kidogo."

Mama alifurahi kuiona nyama, kisha akaguna. Nyanya hakuna, mafuta hakuna, limao hakuna. "Wifi, itabidi tuichemshe na chumvi tu, kama kawaida," alisema.

Shangazi akasema hapana. Akaeleza kwamba Wazungu wake nguruwe humpika na matunda. Wanatia tufaa, tunda la kwao, na nyama inakuwa laini na utamu wenye uchachu kidogo. Mafuta hayahitajiki, kwa kuwa nyama yenyewe ina mafuta yake. Sufuria moja, moto mmoja, umemaliza. Mama alisikiliza kwa uso wa mtu anayeambiwa kuwa watu hutia sukari kwenye dagaa.

"Na tufaa tutalitoa wapi?"

"Hapo nje mnanuka nanasi kijiji kizima, wifi. Tunda ni tunda."

Kwa hiyo nikaitwa. Mama akaniambia niende kwa Bi Zuhura, nimweleze kama kawaida kwamba leo tunapika ile yetu, na nimwombe nanasi moja lililoiva.

Nilikwenda, lakini kila hatua ilinipunguzia ujasiri. Kumwambia leo tunapika ile yetu, sawa. Lakini kumwomba nanasi lake, alilolilima kwa mkono wake, ili likatiwe kwenye nguruwe? Nikaona nitamtukana. Kwa akili yangu ya miaka kumi nikaona ni heri nimkinge mama wa watu na habari hiyo. Nilimkuta anatwanga, nikamwamkia, nikasema, "Mama anaomba nanasi. Tuna mgeni, tunataka kumtengenezea maji ya matunda."

Hilo la maji ya matunda lilikuja lenyewe, na likatoka tamu kweli kweli. Bi Zuhura akaacha mchi wake, akaingia shambani mwenyewe, akanikatia mananasi mawili makubwa ya manjano. "Msalimie mgeni," akasema. "Nikishaswali alasiri nitakuja kumwamkia."

Niliondoka na mananasi mawili na uongo mmoja, na ule uongo ndio uliokuwa mzito. Nikishasema maji ya matunda, ningesemaje tena kwamba tunapika ile yetu? Sikusema. Nikafika nyumbani nikakabidhi mananasi. Mama akauliza, "Umemwambia?" Nikaitikia kwa kichwa.

Hebu niwaeleze alivyopika shangazi, maana mpaka leo napika hivyo hivyo. Alikata vile vipande vyenye mafuta kwanza, akavitupa kwenye sufuria nyeusi bila kitu kingine, vikaanza kulia polepole mpaka vikaogelea kwenye mafuta yao wenyewe. Hapo akatia kitunguu kimoja, akatia tangawizi aliyoiponda kwa jiwe. Nyama iliyobaki ikafuata, ikageuzwa mpaka ikawa na rangi ya udongo mwekundu wa Pugu. Nusu ya nanasi akaikamua kwa mkono juu ya nyama, nusu akaikata vipande vikubwa na kuvitia mwishoni, pamoja na pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa. Akafunika. Sisi watoto tulikaa tumeizunguka sufuria ile kama wanafunzi wanaosubiri matokeo. Ile harufu iliruka ua, ikaenda zake kijijini.

Jua lilikuwa bado lipo juu ya mikorosho wakati mkeka ulipotandikwa nyuma ya nyumba. Mimi nilitumwa maji ya kunawa. Wakati huo huo Bi Zuhura alifika kwa mbele, na mama akatoka kumpokea. Mwanahawa alikuja naye, lakini yeye hakuwa mgeni. Alipita uchochoro wake wa siku zote akatokea nyuma, akanawa maji ya bakuli lililokuwepo, akakaa mkekani na wadogo zangu. Shangazi hakuwa anamjua. Aliona watoto, akapakua sahani kubwa moja ya watoto, akaweka ugali katikati, akasema karibuni.

Nilitokea pembeni ya nyumba na ndoo yangu, nikamwona Mwanahawa ameshafinyanga tonge. Amelichovya. Analipeleka mdomoni huku anacheka na mdogo wangu.

Sikumbuki kama nilipiga kelele. Nakumbuka ndoo ilimwagika miguuni pangu, na nakumbuka nilivyompiga mkono kwa nguvu zangu zote. Tonge likaruka, likaanguka vumbini, na jogoo mmoja wa balozi wa nyumba kumi akalichukua na kutimua mbio nalo.

Mwanahawa alishika mkono wake akanitazama. Miaka yote hatukuwahi kupigana.

Mama na Bi Zuhura walikuja haraka. "Kuna nini?" mama aliuliza.

"Koleta kanipiga," Mwanahawa alisema, na midomo ilianza kumcheza. "Kaninyima chakula."

Hapo hapakuwa na pa kukimbilia. "Ni nguruwe," nilisema. Nilimtazama Bi Zuhura miguuni, sikuweza kupanda juu zaidi. "Nanasi lako tumetia kwenye nguruwe. Sikukwambia. Nilidanganya."

Mama alikaa chini kwenye kigoda kama aliyesukumwa. Shangazi alibaki na mwiko mkononi. Bi Zuhura hakupandisha sauti. Alimwinamia binti yake.

"Umekula?"

"Sijala."

"Hata mchuzi hujaulamba?"

"Hata mchuzi."

Akachukua kopo, akamnawisha mkono ule mara saba, taratibu, kidole kimoja kimoja. Kisha akamgeukia shangazi. "Mgeni, karibu sana Kisarawe. Tutaamkiana vizuri kesho." Akamshika mwanawe mkono, wakapita ule uchochoro wa mihogo, na Mwanahawa hakugeuka nyuma.

Tuliobaki hatukuigusa sahani. Baba alirudi kutoka shamba la shule, alikokuwa na darasa la saba, akiwa na njaa yake, hajui hili wala lile. Akala. Akala tena. Akauliza, "Nyama hii imepikwaje? Tangu nizaliwe sijala nguruwe wa hivi." Akaendelea kusifu mpaka mama akaondoka mkekani.

Kesho yake kabla ya kwenda kanisani, mama alinishika mkono tukaenda kwa Bi Zuhura. Tulimkuta anafagia. Mama hakuzunguka.

"Mama Mwanahawa, nimekuja kuomba radhi. Kosa ni langu. Nilimtuma mtoto neno ambalo lilitaka mtu mzima."

Bi Zuhura aliegemeza ufagio ukutani, akaniita karibu. "Kwa nini hukusema kweli?"

"Niliogopa utakasirika, nanasi lako kutiwa kwenye... kwenye ile yetu."

"Nanasi nikishakupa ni lako. Ukilitia kwenye nguruwe, ukimpa mbuzi, hilo si langu tena. Ungeniambia, ningekupa hayo hayo mawili." Akaniinua kidevu. "Lakini mwanangu ni wangu. Miaka minne mama yako hajawasha moto wa hiyo nyama bila kunipa habari. Ndiyo maana Mwanahawa anakula kwenu na mimi nalala usingizi wa mchana. Jana ulitaka kuniondolea usingizi huo. Unanielewa?"

Nikasema nimeelewa, na nililia mpaka kamasi zikanitoka, mbele ya watu wawili niliowaheshimu kuliko wote duniani. Bi Zuhura alinifuta kwa pindo la khanga yake. Amani kati ya wakubwa ikapatikana pale pale, uani, kabla kengele ya kanisa haijalia.

Mwanahawa ndiye hakuwa rahisi. Jumatatu kwenye mchakamchaka alihama mstari wangu. Jumanne kwenye rede alichagua kundi la wengine, na mpira akaulenga mgongo wangu kwa bidii isiyo ya kawaida. Nilipokwenda kuchota maji alikuwa ameshachota. Siku tatu nilitembea nikiwa kama nimevaa viatu vya mguu mmoja. Bakora za mwalimu nilizizoea, za mama nilizizoea, lakini kunyamaziwa na Mwanahawa sikuwa nimefundishwa namna ya kuvumilia.

Alhamisi ilikuwa zamu ya darasa letu kwenye shamba la shule. Mwalimu wa zamu alitupanga wawili wawili kupalilia mihogo, bila kujali nani amenuniana na nani, na mimi nikaangukia tuta moja na Mwanahawa. Tulilima kimya. Jembe lake, jembe langu. Tulipofika katikati ya tuta akasimama, akafuta jasho.

"Nikikuuliza kitu utasema kweli?"

"Nitasema kweli."

"Ilikuwa tamu?"

Nilijua jibu litakalomfurahisha. Lilikuwa tayari mdomoni, kama lile la maji ya matunda. Nikalimeza.

"Ilikuwa tamu sana. Baba alikula mpaka akasahau kutuuliza tuna nini."

Mwanahawa alitazama majani ya muhogo. "Nilijua tu. Harufu yake niliisikia tangu njiani, nikasema leo kwa kina Koleta kuna sikukuu." Kisha akaanza kucheka, na mimi nikacheka, tukacheka mpaka mwalimu akatuongezea tuta jingine. Tulilipalilia kwa furaha. Tulipokaribia kulimaliza akasema, "Basi na mimi nataka. Lakini ya kwetu."

Sijui alimwambia nini mama yake. Najua tu kwamba Jumamosi, siku moja kabla shangazi hajarudi Kibaha, Bi Zuhura alikuja na sufuria yake kichwani, mwiko wake ndani ya sufuria, kuku wawili waliochinjwa na mumewe, mananasi, na nazi moja. Akachagua mahali pake mbele ya nyumba, akapanga mafiga mapya, akabandika kuku. Shangazi alipotaka kusogea akamwonyesha ndoo ya maji na sabuni.

"Nawa kwanza, mgeni. Mikono yako ina mengi."

Shangazi akanawa. Bi Zuhura akaiangalia ile mikono. "Rudia."

Akarudia. Mara ya tatu wote watatu, na mama yumo, walikuwa wanacheka kiasi kwamba kuku alikaribia kuungua. Kuku wa kienyeji hana mafuta, na mafuta ya duka hayakuwepo, kwa hiyo Bi Zuhura akakuna nazi akakamua tui zito. Kitunguu, tangawizi, nanasi, halafu tui likamiminwa juu ya moto mdogo. Shangazi alinusa kijiko, akaonja, akaonja tena. Alisema miaka aliyopika Kibaha hakuna Mzungu aliyewahi kufikiria hilo.

Tulikula sote pamoja mkekani, ila baba na mume wa Bi Zuhura kwenye viti vyao, sisi watoto kwenye sahani yetu. Mwanahawa alikaa ubavuni mwangu, akifinyanga matonge makubwa kuliko mdomo wake. Shangazi alirudi Kibaha akawapikia waajiri wake nguruwe kwa nanasi na tui la nazi, na barua yake ilisema walilamba sahani, watu wazima wale.

Leo mimi ni bibi, nakaa Kibaha, Maili Moja. Mwanahawa yuko Kisarawe na wajukuu zake, tunapigiana simu tunaulizana hali ya magoti. Mambo yamekuwa mepesi. Mafuta yamejaa madukani, nguruwe anauzwa kwa majina ya utani na ndizi za kukaanga pembeni, na mjukuu wangu nikimpikia ile ya shangazi anaipiga picha kwanza mpaka inapoa, kisha ananiuliza, "Bibi, mapishi ya Kichina umejifunzia wapi?" Namwacha tu. Anakula, anaongeza, anarudi kwenye simu yake. Mtoto mzuri, ila jirani yake anayemjua ni yule aliye ndani ya hiyo simu.

Juzi nilikuwa napika nikapungukiwa ndimu. Nikatoka, nikaenda hadi kwenye geti la jirani. Ukuta wa kwao ni mrefu, una vioo juu, na geti lina kengele na maandishi ya kuonya kuhusu mbwa. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta mwaka wa sita huu na sijui jina lake. Nilisimama pale na khanga yangu, kidole karibu na kengele, nikaona aibu. Nikarudi ndani nikampigia kijana wa bodaboda aniletee ndimu kutoka sokoni. Nilipokuwa namsubiri barazani, harufu ilivuka ukuta kutoka jikoni kwao. Walikuwa wanapika kitu kizuri sana upande ule, na sikuwa na wa kumwuliza ni nini.